Mwanze na Kipi

Mmeniuliza mwanze na kipi,
tumeketi chumba cha nyuma cha maktaba, hapa Hull,
Novemba, saa kumi tu na kiza kishatanda,
ukungu wa mto Humber unalamba madirisha
na mabomba ya joto yanagonga
kama mtu aliyesahauliwa ukutani.
Basi sogezeni viti. Mandhari tunayo bure.

Riziki, wewe unayelala taa ikiwaka,
chukua hiki chembamba, chenye jalada la kijani:
nyumba juu ya jabali kila usiku huhesabu wakazi wake,
na kila usiku hupata mmoja zaidi.
Hakuna damu. Hakuna hata mayowe.
Kuna sahani tu inayoongezeka mezani
na mjakazi anayeiosha asubuhi bila kuuliza.
Nilikisoma zamu ya usiku, nikawahesabu wazee wangu
kitanda kwa kitanda, mara tatu,
nikashukuru walipotimia kumi na tisa.

Shekue, wewe mapenzi ndiyo yako, usikatae.
Kuna cha bibi harusi aliyeolewa na mfalme wa mizizi:
mume humjia kutoka chini ya sakafu,
udongo kwenye kope, na adabu
kuwashinda wanaume wote wa Spring Bank.
Kurasa mia za mwanzo zinaburuta miguu, nakiri.
Ruka sura ya uwindaji. Ya kisima usiiruke.

Nawe Bwana Msellem, unayesema haya ni mambo ya watoto,
mashetani wa kizungu wasiojua hata kupungwa,
nakupa kinene kuliko vyote:
fundi anayenunua saa za marehemu
na kuwauzia walio hai.
Saa, kwa maana zote mbili.
Ukikimaliza bila kumpigia simu mama yako
nitakununulia chipsi mwezi mzima.

Mbona napenda giza, mimi niliyetoka kwenye jua?
Sikieni. Chumba ninachopanga kina ukungu ukutani
(lugha yetu haitofautishi, wa mtoni na wa ukutani ni mmoja),
doa jeusi lenye umbo la kiganja, na linakua.
Mwenye nyumba alikuja, akalitazama,
akasema ni pumzi zangu.
Barua za kahawia huanguka mlangoni
zimeandikwa kwa lugha isiyo na mdomo.
Nimwambie nani kwamba naogopa?
Lakini humu kurasani, nikisema ukuta unapumua,
kufikia sura ya tano ukuta wenyewe unakubali.
Mlango unasema Paukwa,
na kitu gizani, kwa heshima, kinajibu Pakawa.
Zimwi likujualo halikuli likakwisha.
Mimi natafuta zimwi lenye kunijua.

Aliyenionyesha njia hii ni Doreen, chumba namba saba,
miaka tisini na mmoja, zamani mpasua samaki gatini,
vidole vimepinda kama kulabu.
Nuru ya macho ilipomwishia nilimsomea mimi
kwa Kiingereza changu cha kupapasa,
naye akanisahihisha matamshi, akaomba nisiruke vifo.
Polepole kwenye ngazi, alikuwa akisema,
mtu akipanda ngazi usimharakishe.
Ukurasa aliuwekea alama kwa tiketi ya basi.

Kwa hiyo ninachokisifu kuliko vyote ni hiki cha mwisho,
na sijakimaliza.
Dada wawili, mnara wa chumvi,
taa inayowashwa na asiyeonekana.
Tiketi iko ukurasa wa mia mbili na kumi na mbili:
dada mdogo yuko ngazini, mshumaa mkononi,
tangu Machi.
Mmoja wenu akichukue. Asome hadi mwisho.
Asinisimulie kilichoko juu.
Ila tiketi anirudishie.