Kichwa Kitupu

Msabila, stika yako nimeirudisha kwenye bahasha.
Ipo juu ya rafu, kando ya kopo la vanishi.
Njoo uichukue saa yoyote, duka silifungi mapema.

Gitaa lenyewe limekwisha.
Mninga wa Sikonge, boriti niliyoinunua
ilipobomolewa nyumba moja ya kale pale Cheyo;
miaka arobaini ilibeba bati, imekauka hasa,
ukiigonga kwa kidole inajibu
kama mtu aliyeitwa kwa jina lake.
Shingo nimeipiga msasa mara nane.
Vumbi jekundu bado ninalo kwenye nyusi.

Wewe ukataka kichwani nibandike jina la ng'ambo,
si Ng'ambo yetu hii ya kuvuka barabara,
ile ya kuvuka bahari.
Ukaniambia: "Fundi, jezi zote za mnadani
zina majina ya Ulaya. Nani amefungwa?"

Kweli. Sijamsikia aliyefungwa.
Sheria ya alama za biashara ipo, mpwa wangu alinisomea,
ila haijawahi kupanda treni kuja kunisalimu Isevya.
Pingu siogopi. Usinivishe hofu nisiyokuwa nayo.

Ukasema tena: "Sitaliuza. Ni la kwaya,
watu waone tu."
Msabila, gitaa huishi kuliko ahadi.
Siku moja, Mungu apishie mbali, wanao watagawana vyombo,
na mwenye haraka kati yao atalibeba mpaka sokoni
akiapa kwa jina lile.

Baba yangu alikuwa na mizinga sitini na mitatu porini,
kila mmoja kauchonga mistari mitatu na jicho.
Ukichonga chapa yako kwenye mzinga wa mwenzio,
huo ni wizi, mbuzi watatoka.
Lakini chapa ya mwenzio kwenye mzinga wako?
Hilo wazee hawakuliwekea faini.
Nadhani halikuwapitia akilini:
nani apande mti, avute moshi, aumwe kope,
kisha aseme asali hii si yangu?

Subiri. Nisijifanye mtakatifu.
Mwaka ule Nyamizi alipofaulu kwenda bweni, godoro hatuna,
nililiandika jina lile kwa brashi ya nywele tatu,
mwandiko wa kulala, herufi zikishikana mikono,
na mkia wa herufi ya mwisho
nikaukunja vizuri kuwashinda wenyewe.
Laki nne na nusu.
Godoro, ndoo, sare, nauli.

Miaka sita baadaye likashuka kwenye treni ya Mwanza
mgongoni mwa kijana mwenye saa kubwa.
"Linakwaruza, fundi. Ila taratibu,
hili la Marekani, si haya yenu."
Nikafungua bamba. Ndani, kwa penseli:
mistari mitatu na jicho.
Nikachomelea waya. Nikarudisha skrubu moja moja.
"Kweli," nikamwambia, "wenzetu wanajua."
Akaomba punguzo. Akanilipa elfu kumi na mbili.

Nimewaza sana nilimwibia nani.
Wa Marekani hanijui, na sidhani kama senti ilimpungua,
ingawa siku shingo ile itakapopinda
atatukanwa yeye kwa kosa la gundi yangu.
Kijana alilipia jina, akapewa mti.
Na mimi...
hapo huwa naacha kuhesabu, nawasha jiko la gundi.

Basi kichwa nimekiacha kitupu.
Karibu na stendi kuna kijana mwenye mashine ya stika,
dakika tano tu atakubandikia, simshiki mtu mkono.
Ila Jumapili mwenzio wa besi akiinama kukuuliza,
"Hilo la wapi?"
usimjibu upesi.
Gusa kwanza uzi wa tatu, ukiwa wazi,
uuache mpaka ukome wenyewe.

Na umebakiza elfu themanini.
Hiyo nayo usiisahau.