Jino la Pembe

Jino la pembe si dawa ya pengo:
nalijua hilo, na pengo ndilo mwajiri wangu.
Ghorofa ya pili, juu ya duka la miwani, mjini Sopron,
nachonga meno ya watu nisiowaona.
Basi la Vienna huwashusha saa tatu asubuhi,
jioni huondoka nao, midomo imekufa ganzi,
risiti mfukoni, nusu ya bei ya kwao.

Kwangu hufika taya tu, taya za plasta,
kila moja na jina lake kwa penseli ya buluu.
Huyu husaga meno usiku: ncha zimelika
kama soli za tarishi.
Huyu hutafuna upande mmoja,
ana maumivu ambayo hajamwambia mkewe.
Huyu mvuta kiko; kiko kimejichimbia makao.
Kinywa hakijui kutunza siri.

Nina kibao cha rangi kumi na sita,
na kila mtu anataka ya kumi na saba:
weupe wa sinki.
Bibi Kreindl wa Graz alinirudishia kazi mara mbili.
"Yanafanana na meno," alilalamika.
Nikampa sinki. Alilia kwa furaha, nikaambiwa,
nami ni nani nimcheke?
Tangu harusi yake ya kwanza
hakuwahi kufungua mdomo mbele ya kamera.

Mganga hajigangi, seuze baba yake.
Baba yangu, Gáspár, fundi reli mstaafu,
alipobakiwa na meno saba, daktari Lendvai
alinichorea duara mgongoni mwa bahasha:
ufizi ukioza sukari hupanda,
sukari ikipanda ufizi huoza,
"na moyo uko hapa," akatia nukta katikati,
"unasikiliza yote."
Yakang'olewa yote saba. Baba akakataa ya bandia.
Akaacha tufaha, akaacha ganda la mkate,
akaacha karata za Alhamisi,
mwisho akaacha hata salamu.
Supu. Supu na mkate uliolowa.

Mwaka huohuo tulimzika Mama,
na Baba hakutaja jina lake.
Si kaburini, si mezani.
Akimkusudia alisema "yule",
au alikielekezea kidevu kiti chake.
Nilimhukumu kimya kimya.
Nilisema: pengo hili limezibwa upesi mno.

Januari hii alikubali, kwa kuchoshwa nami.
Nilifanya kazi usiku, picha ya harusi yao
nimeiegemeza kwenye taa.
Sikugusa sinki.
Nikachukua rangi ya kumi na mbili, nikaitia moshi kidogo,
nikapindisha chonge la kushoto kama lilivyokuwa,
na katikati, juu, nikamwachia mwanya wake.
Mwanya, si pengo:
pengo huachiwa, mwanya huzaliwa nao.

Akayavaa. "Yanabana kama buti la jeshi."
Nikasugua.
"Yananichoma hapa." Nikasugua.
Mara ya tatu hakusema kitu.
Alikaa jikoni, ulimi ukizunguka mle ndani
kama mpangaji anayekagua vyumba,
akageukia dirisha, akasema, si kwangu:

"Szeréna."

Ile S ilipita kwenye mwanya, nyembamba, nzima,
na kijiko changu kikasimama ndani ya kikombe.

"Tangu yang'olewe," akasema,
"lilikuwa likinitoka Theréna.
Nimejaribu bafuni, nimejaribu kule ghalani.
Nikaona afadhali ninyamaze
kuliko kumvunja kila siku."

Nikaichukua tupa yangu ndogo mezani,
mikono ipate cha kufanya.
Hapakuwa na pa kusugua.