Somoe Yuko Ndanda

Asubuhi ya kwanza nilichemsha nyasi.
Nyasi kweli, za pale nyuma ya choo.
Nikazimimina kikombeni kwa fahari,
na Tabia, miaka tisa, akanusa, akasema:
Baba, mchaichai unakata vidole. Hizi hazikati.

Somoe yuko Ndanda, anamuuguza dada yake,
na mimi nimebaki Mkunya na mikorosho,
watoto wawili,
na kikohozi.

Ni msimu wa salfa. Alfajiri, umande ungali majanini,
mashine zinanguruma shamba kwa shamba
na unga wa njano unashuka taratibu
juu ya mikorosho, juu ya bati, juu ya kanga kambani,
hadi ndani ya chungu nilichosahau kufunika.
Sote tunakohoa.
Hata jogoo anawika kwa kukwaruza.

Napanda kichuguu, ndipo mtandao ulipo.
"Majani ya mpera," anasema, "yale machanga. Saba."
"Kwa nini saba?"
"Kwa sababu mama yangu alichuma saba.
Tangawizi iponde, usiikate. Asali iwe mwisho,
maji yakishavumilika kwa kidole.
Kidole cha mtoto, si hicho chako cha jembe."
Nyuma yake nasikia toroli la dawa likipita
na mtu akipiga chafya.

Miaka kumi na moja nimelala chumba kimoja na duka la dawa
nisijue.
Nilidhani kivumbasi kilijiotea tu mlangoni
na mbu wa nyumba hii walikuwa na adabu.
Nilidhani chupa ya habasoda ni pambo.
Nilipoumwa nililetewa kikombe, nikanywa,
nikapona, nikasema: mwili wangu mgumu.

Tatizo ni kiganja.
"Kiganja kimoja cha kivumbasi," anasema,
nami napima kwa changu, Mfaume anatema hadi ukutani.
Ikanibidi niketi jikoni nikikumbuka mkono wa mke wangu:
unaishia wapi ukilala ndani ya wangu,
kovu la panga liko kidole gani.
Nikakunja vidole mpaka vikafanana na vyake.
Hapo dawa ikanyweka.

Siku ya nne kikohozi cha Tabia kikakatika.
Nikajiona tabibu. Nikamsimamisha Chilumba na baiskeli yake,
nikamweleza habari za mpera
kama mtu aliyeuumba.

Usiku wa tano Mfaume akawaka.
Mwili pasi ya mkaa, midomo imepauka.
Nikakwanyua mwarobaini gizani, nikajaza sufuria,
nikatafuta blanketi la nyungu,
nikapanda kichuguu na tochi mdomoni.
"Nichemshe nini? Nianze na nini?"
Kimya. Nikadhani salio limekwisha.
"Ukipitisha tochi, macho yake yanaifuata?"
"Hayaifuati."
"Usichemshe kitu. Mfunge mgongoni, nenda zahanati.
Sasa hivi. Majani yana mwisho wake, Baba Tabia.
Na hata mama yangu alikuwa anaujua."

Nilimfunga kwa kanga ya Somoe. Fundo lilinishinda,
Tabia akalifunga.
Nesi alitufungulia akiwa bado na usingizi shavuni.
Tone la damu. Mistari miwili.
Sindano kwanza, vidonge baadaye,
na mimi kwenye benchi, mikono inanuka mwarobaini,
haina kazi.

Leo ameomba ming'oko. Ameimaliza, amelamba chumvi kiganjani.
Nimempikia mchaichai, ule unaokata,
si dawa ya kitu chochote, ni chai tu,
kwa sababu mvuke wake unafanya nyumba idhani
mwenyewe amerudi.

Atarudi Alhamisi.
Mpera wake umebaki kipara upande wote wa barabarani.
Tabia anashauri tuseme ni mbuzi.