Nyuki Ndani ya Gitaa

Kanda ilikuwa imekatika mahali pawili,
baba akaiunga kwa selotepu.
Tulikuwa Usoke, nyuma ya bani la tumbaku,
redio ikinywa betri tulizozianika juani tangu asubuhi.
Mtu mmoja, sauti kama amemeza moshi,
aliimba Kizungu juu ya garimoshi.
Mimi na Nyanso tulijua ni la Mpanda.
La wapi tena? Ndilo tulilolisikia usiku
likipiga honi kabla ya stesheni.

Wangu wa kwanza niliuandika kwa mkaa
kwenye mfuko wa mbolea:
juu ya mteuzi aliyelinusa jani la mama,
akaliita daraja la mwisho,
akaondoka na pikipiki nyekundu.
Mama akasema, huo si wimbo, Mihayo, hayo ni malalamiko.
Sikuwa na umri wa kumwuliza tofauti.

Kisha njia ikapinda.
Kwaya ya Urambo, besi ya pili;
mwalimu Kapufi akanifuta daftarini:
"Haleluya haivutwi hivyo. Unaswaga ng'ombe?"
Mwanza niliwaandikia vijana wenye vipuli
mistari ya kupendwa na kuachwa,
elfu kumi ubeti, kiitikio bure.
Tangazo la magodoro pale Isevya ni langu,
watoto wanalijua kuliko jina langu.
Mwaka wa uchaguzi niliwatungia wagombea wawili
wimbo mmoja, nikabadili jina na rangi.
Wote walishukuru.
Mmoja alilipa.

Gitaa nikalitundika ghalani kwa mjomba Lubigisa,
nyuzi nne, na deni la pembejeo.
Nani atasikiliza kantri Tabora?
Nikasema kama sungura: sizitaki mbichi hizi.

Usiku, stesheni ya Tabora, mabehewa hukatwa:
haya ya Mwanza, haya ya Kigoma, haya ya Mpanda.
Kuna mtu hulala Dodoma akijua aendako,
akaamshwa na baridi yuko reli nyingine,
na mzigo wake umekwenda na wenzake.
Huyo ni mimi, miaka kumi na sita,
na tiketi yangu ilikuwa halali.

Mwezi wa saba mjomba akapiga simu.
"Njoo uchukue kibuyu chako. Kimepata wapangaji."

Nyuki wadogo, wale wasiouma.
Wameliziba tundu lote la sauti,
wakaacha kijibomba cha nta, chembamba kama kalamu,
wakiingia na kutoka kwa zamu.
Nikakaa juu ya mtumba wa tumbaku
hadi mjomba akaswali, akala, akarudi.
Nikagonga ubavu wa gitaa kwa kidole.
Ndani wakajibu, wote, noti moja.
Haikuwa ya kwaya. Haikuwa ya godoro.

"Tuwapige moshi?"
"Ngoja."

Nikaukaza uzi mnene, polepole,
ukawapita,
nikaulegeza kidogo.
Hapo.

Sasa kila Ijumaa niko Ng'ambo,
nje ya duka la Kalunde, soda na matoborwa,
na gitaa la kuazima;
lile lina wenyewe, mkataba wao haujaisha.
Wananicheka kofia.
"Mnyamwezi wa Teksasi! Farasi yuko wapi?"
Ng'ombe ninao, nawajibu, yaani wa shemeji.
Vumbi hili hapa. Reli ile pale.
Deni la benki lipo, lina afya.
Mwanamke aliyepanda treni bila kugeuka
namba yake bado naijua kwa kichwa.
Farasi sijamtaja popote, sikilizeni vizuri.

Jana walisikiliza watu saba,
wawili wakisubiri simu zao zijae chaji.
Mama mmoja, vidole vyeusi kwa utomvu wa majani,
akasema, ule wa mteuzi, urudie.
Nikaurudia.
Akawa anahesabu kwa vidole
madaraja yote aliyopewa tangu msimu ule wa mvua ya mawe,
akakosea mahali,
akaanza upya.