Mstari wa Kumi na Mbili

Fomu ya chama cha mikopo, hapa Talcahuano,
inauliza: Wateja wako ni akina nani?
Mama akaandika kwa penseli: Wenye njaa.
Nikamwambia haitoshi, wanataka idadi.

Basi Jumatatu, saa kumi na moja na nusu alfajiri,
Otilia Riffo, fundi cherehani miaka thelathini,
alisimama mbele ya lango la kiwanda cha meli,
mvua ya Julai ikimwingia ukosini,
mfuko wa kulia umejaa vifungo.
Kila aliyepita bila chakula mkononi,
kifungo kimoja kilihamia mfuko wa kushoto.
Kile cha dhahabu, cha sare ya bendi ya zimamoto,
alikiweka kwa yeyote atakayesimama kumuuliza:
"Unauza nini, mama?"
Walisimama wanne. Kifungo kilikuwa kimoja.

Usiku tulivimwaga mezani.
Mia mbili na kumi na tisa.
Nikaandika: Utafiti wa soko.

Washindani? Kibanda cha Abelardo,
anayekata nyama nyembamba hata gazeti
ungelisoma ng'ambo yake.
"Usiandike hivyo," akasema. "Andika: mtu mwema,
mkono wake mzito kwenye chumvi."

Maelezo ya bidhaa, maneno yasiyozidi hamsini.
Arobaini aliyamaliza kwa maharagwe machanga:
yachemshwe yabaki kijani, yakatwe kwa urefu
kama utepe, kamwe yasikatwe mkingamo.
Nyama, nyanya, pilipili na mkate wenyewe
vikagawana kumi yaliyosalia.

Dhamana. "Cherehani," alisema upesi,
kama mtu anayebandua plasta.

Kisha matumizi: kodi, gesi, umeme, nyama,
leseni ya manispaa, sabuni, karatasi za kufungia,
viti saba, kimoja cha kugongwa misumari.
Nikajumlisha. Faida ikabaki, tena nono.
Mama akainuka kubandika birika, akipiga mluzi.

Ndipo nikaona mstari wa kumi na mbili ni mtupu.
Mshahara wa mwenye duka.

"Ah, huo," akasema. "Mimi si nitakula palepale?"

Alishona magauni ya harusi ya nusu ya mtaa
akajilipa kwa vipande vilivyobaki.
Sketi yangu ya shule ilikuwa ya buluu
za aina tatu.

Nikaandika kiasi. Si kikubwa.
Faida ikanywea kama pamba kwenye maji ya moto.
Nikapanda juu tena, hadi kwenye bei,
nikaongeza peso mia tano kwa kila sandwichi.

"Nani atoe mia tano zaidi kwa mkate uleule?"
"Si uleule. Huu una mikono yako, imelipwa."

Akachukua raba, akafuta, akaandika mia tatu.
Nikafuta. Mia tano.
Akafuta.
Karatasi ikaanza kutoboka mahali hapo,
na birika lililia jikoni muda mrefu,
hakuna aliyekwenda kulitua.