Mkia wa Mu

Herufi hii haimo kwenye kibodi.
Nimeitafuta kuanzia Q hadi M,
nimebana Shifti, nimebana Alti,
nimeandika mia mbili thelathini kama mtu apigaye
namba ya mpenzi asiyepokea.
Kikatokea kiboksi. Kitupu.
Nyumba isiyo mlango wala mwenyeji.

Saa tatu usiku, maabara ya Ubungo,
feni inasaga joto lile lile,
na grafu yangu imekamilika kasoro alama moja:
maikro. Ile u yenye mkia mrefu upande wa kushoto,
inayoikamata gramu na kuigawa mara milioni.

Ndipo Sikitu, wa meza ya pili, akanifunza ujanja:
"Andika m ya kawaida. Ichague. Ibadilishie fonti.
Itageuka yenyewe."
Kweli ikageuka. M yetu ya maji, ya mama, ya Mbagala,
ikavaa nguo za Ugiriki, ikasimama kwa madaha
pembeni mwa nne:
risasi, kisima namba saba, Kijichi,
nne μg kwa lita.
Maji hayana neno. Nikafunga kompyuta,
nikanunua mihogo ya kuchoma, nikaenda kulala.

Lakini nguo ya kuazima, walishasema, haisitiri.

Faili likafika ofisi ya mtaa. Kompyuta ya pale
haikuwa na ile fonti. Ikamvua m hadharani.
Nne mg.
Mara elfu, kwa kukatika mkia.
Mtendaji, Bwana Lukindo, hakukosea kitu:
alisoma alichoona, akachukua kalamu nyekundu,
MAJI YANA RISASI,
akabandika juu ya koki ya Bi Hadia.

Na neno risasi, mtaani, halimsubiri mkemia.
Wengine walidhani polisi wamefyatua.
Wengine wakaapa kuna bunduki imezikwa kisimani
tangu enzi za baba zao.
Ndoo zikageuza njia. Boza likaingia kichochoroni kinyumenyume,
likauza kwa mia tano
alichokuwa akiuza yeye kwa mia.

Siku tisa, mimi sijui.

Ya kumi nikaketi tena. Safari hii sikumvika mtu nguo.
Nikaandika mkwaju uliolalia nyuma, kisha mu,
jina lake kamili, kama mwalimu aitavyo mahudhurio,
na programu ikaitika.
Nikalifungua faili kwenye kompyuta ya Sikitu, ya mhasibu,
ya kijana wa stesheneri pale Riverside
ambaye alitaka kujua kama nitalipa.
Kote alikuja na mkia wake.
Nikachapa kwa rangi, nikaenda Kijichi mwenyewe.

Bi Hadia alivaa miwani iliyofungwa uzi.
Akaziweka karatasi mbili juu ya ndoo iliyopinduliwa,
ya kwanza na mpya, kidole kikisafiri taratibu.
"Tofauti iko wapi?"
Nikamwonyesha.
"Huu mkia?"
"Huo mkia, bibi."
Akanyamaza. Akafungua koki, akajaza kikombe cha bati,
akanipa bila kunitazama.
"Haya, kunywa."
Nikanywa. Yalikuwa na chumvi kidogo,
kama visima vyote vya upande ule.

Wateja sita wamerudi. Wengine bado wanalikimbilia boza;
hofu haina toleo jipya la kupakua.

Usiku huu nachora joto la maji. Nahitaji alama ya nyuzi,
kile kiduara kinachoning'inia juu ya namba.
Sikitu anapiga miayo: "Weka o, ipandishe juu,
nani atajua?"

Namtazama.
Natafuta jina lake halisi.