Alama Mbili kwenye Chuma

Pikipiki ni moja, miili ni miwili.
Radomiro, kaka yangu, ana mikono mirefu
kana kwamba mama alimvuta akimzaa;
mimi niliishia pale alipochoka kuvuta.
Mchana ni wake, anaenda bandarini.
Usiku ni wangu, naenda kuoka mikate
ambayo mji wa Punta Arenas huila ukipiga miayo.

Hatuonani. Tunapishana mlangoni saa kumi na moja alfajiri,
yeye anatafuta soksi,
mimi nina unga kwenye nyusi,
na ufunguo unapita kati yetu, baridi kama ulimi wa samaki.

Mwanzoni nilinyamaza.
Nilijitandaza juu ya tangi kama nguo kwenye kamba,
nikafika kazini vidole vimekufa ganzi,
nikakanda unga nisiouhisi.
Kitanda usichokilalia, husema, hujui kunguni wake.
Sisi tulilalia kimoja kwa zamu,
na kunguni wakamjua mmoja.

Tena kuna upepo. Huku kwetu hauvumi,
unasukuma, kama mdai mlangoni.
Kwenye barabara inayofuata Mlango-bahari
unakujia ubavuni,
na anayeshika usukani kwa ncha za vidole
hana cha kuujibu.

Jumapili moja nikachukua spana namba kumi na mbili.
Bolti nne. Nikazilegeza,
nikauvuta usukani kuelekea kifuani,
kidogo, unene wa punje ya mahindi,
kidogo tena.
Nikakaa. Nikafumba macho.
Mabega yakashuka yenyewe
kama mabawa ya kuku aliyeacha kuogopa.
Viwiko vikapata pa kupinda.
Nikageuza na vishikio, vya breki na klachi,
vidole vilale sawa na mkono, visichungulie juu.
Nikaukata usukani kushoto mpaka mwisho,
kulia mpaka mwisho,
nione kama waya zinalia.
Hazikulia.
Mimi, kidogo.

Jumatatu: "Nani kaiharibu pikipiki?"
Jumanne usukani umerudi kwake.
Jumatano umerudi kwangu.
Spana ikahamia chini ya kiti, ikawa mkazi.
Nikachora alama yangu kwa rangi ya kucha, nyekundu;
akachora yake kwa rangi nyeupe ya makontena.
Kati ya nyekundu na nyeupe
haupiti hata ukucha wa gumba.
Kumbe ugomvi wote ule ulikaa humo.

Tangu hapo tunaongea kwa bolti.
Akinikasirikia, huzikaza kikatili,
nazifungua kwa uzito wa mwili mzima.
Jioni tulipomzika shangazi Ercira
nilizikuta zimeshikwa kwa vidole tu;
nikajua mikono yake ilikuwa inatetemeka.
Nikazikaza, moja baada ya nyingine, kwa mshazari,
kama alivyonifundisha mwenyewe
zamani, tulipokuwa bado na baiskeli.

Kisha Julai, barafu hadi kwenye kizingiti.
Nimetoka na tochi mdomoni, spana mkononi,
nimepiga goti, theluji inapenya suruali.
Naangalia chuma.
Nyekundu.
Nafuta kwa kidole gumba, naangalia tena.
Nyekundu.
Kashinda siku nzima kwenye kipimo changu,
magoti yakigonga viwiko,
jitu zima kwenye kiti cha mtoto.
Ndani alikuwa amelala mezani, uso kando ya sahani.
Sikumwamsha.

Alfajiri ile, nje ya tanuri,
nililegeza bolti nne
nikausukuma usukani mbele mpaka kwenye nyeupe.
Nikarudi nyumbani nimenyooka kama waya wa simu,
upepo ubavuni, ganzi mpaka viwikoni,
nikitukana njia nzima.

Akatoka. Akakaa. Akanyoosha mikono.
Mkono mmoja ukateremka chini ya kiti, kwa mazoea,
ukagusa spana,
ukasita.
Alinitazama muda wa kutosha kuchemsha chai.
"Nelda," akasema,
"soksi yangu nyingine iko wapi?"